Jiwe limekunjwa Mabalako, mlima wake uko wapi?

Nilikuwa nimefundisha jiografia miaka 11 siku mtoto mmoja wa sekondari alipoleta jiwe darasani ndani ya mfuko wa unga. Alikuwa amelitoa kwenye kijito kinachopita nyuma ya mashamba ya kakao, hapa kwetu Mabalako, upande wa Beni, mashariki mwa Kongo, akalibeba kichwani mpaka shuleni. Lilikuwa la ukubwa wa mkate, lenye mistari myeupe na myeusi, na mistari yenyewe ilikuwa imepinda na kupindana kama utumbo wa kuku. Jana yake nilikuwa nimechora ubaoni mlima mrefu, chini yake matabaka yaliyokunjwa, mishale miwili ikisukumana kutoka kushoto na kulia. Nikaandika kwa chaki kwamba milima hutokea matabaka ya ardhi yanapokunjwa. Nikaongeza, bila kutikisika: mfano, Ruwenzori.

Mtoto akaliweka jiwe mezani pangu. “Mwalimu, hili limekunjwa. Mlima wake uko wapi?”

Darasa lilicheka. Nami nilicheka nao, kwa kuwa sikuwa na jibu. Mabalako haina mlima. Ina vilima vya kawaida, migomba, kakao, na upande wa magharibi msitu unaoelekea Ituri. Wengi wenu mlilisikia jina letu kwa mara ya kwanza mwaka 2018, Ebola ilipotangazwa hapa kwetu, Mangina, tarehe 1 Agosti. Leo naomba mlisikie kwa sababu ya jiwe. Nilimjibu yule mtoto kama walimu tunavyojibu tukibanwa: swali zuri, tutalirudia. Mwaka ule sikulirudia.

Sikusomea jiolojia. Nilisomea ualimu, na mengine nimeyasoma usiku kwa mwanga wa simu. Lakini tangu siku ile nimeshikilia jambo moja, na nalisema hapa wazi: mchoro wa mikunjo ya miamba tunaufundisha kama katekisimu, mtoto aukariri na autoe siku ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wakati walioubuni waliuchora ili wapate kuushika uongo. Mchoro usioweza kushikwa uongo ni pambo la ubao.

Nianze na Ruwenzori, maana hapo uongo ulikuwa wangu mwenyewe. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Hiyo miwili ilijengwa na volkano. Ruwenzori haikutapikwa na moto, na wala haikupata urefu wake kwa kukunjwa. Mawe yake yamekunjwa, hilo ni kweli kabisa, ila yalikunjwa takriban miaka bilioni 2 iliyopita, duniani hakuna mti wala mnyama. Milima iliyozaliwa na mkunjo huo ilisuguliwa na mvua ikaisha. Halafu juzi, juzi kwa hesabu ya mawe, miaka milioni michache tu nyuma, bara lilipokuwa likipasuka na kufanya Bonde la Ufa, pande moja kubwa la mwamba huo mkongwe likainuliwa katikati ya nyufa, kama tofali linalosukumwa juu likatokeza kwenye ukuta. Bonde la Semliki likabaki chini, Ruwenzori ikapanda. Kazi hiyo haijaisha. Tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966, ambalo marehemu baba alikuwa akilisimulia kila ardhi ikicheza, liliua watu zaidi ya 100 kwenye eneo la mpaka wetu na Uganda.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jibu lilikuwa limeandikwa mjini kwa herufi kubwa. Butembo tuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989. Graben ni neno la Kijerumani, maana yake bonde lililozama kati ya nyufa mbili. Nimepita mbele ya kibao hicho mara ngapi, nikienda kufundisha watoto kwamba Ruwenzori ni mlima wa mikunjo!

Basi mlima wa jiwe la yule mtoto ulikuwa hapa hapa, juu ya vichwa vyetu. Jiwe la namna ile hukunjika likiwa chini sana, kwenye joto na uzito wa kilomita nyingi za mwamba. Likiwa mikononi mwako, ujue kila kilicholifunika kimeshaondoka. Mkunjo na mlima ni vitu viwili. Vinaweza kuzaliwa pamoja, lakini kimoja kinaweza kumzika mwenzake.

Sasa, mchoro unashikwaje uongo? Mwaka 1788 Mskoti mmoja, Sir James Hall, alipanda mashua pamoja na James Hutton na John Playfair kwenda kutazama miamba ya Siccar Point, kwenye pwani ya Uskoti. Katika pwani hiyo aliona matabaka yamekunjwa juu chini, juu chini. Hakuishia kushangaa. Alipanga vitambaa vya kitani na sufu juu ya meza, akavifunika kwa mlango uliokuwa umetoka kwenye bawaba zake, akaweka uzito juu ya mlango, kisha akavisukuma kutoka pembeni. Vitambaa vikakunjika kama mwamba wa pwani. Akaichapisha habari hiyo mwaka 1815.

Nami nilijaribu, nyumbani, kwa vikwembe vya mama watoto. Aliponikuta nimevitandaza mezani na mbao mbili nazisukuma alisema, kama nataka kunyoosha nguo, najua pasi iko wapi. Nilivumilia. Kikwembe kimoja chepesi kilifanya mikunjo midogo midogo mingi. Blanketi lililokunjwa mara nne, kwa msukumo ule ule, lilifanya mkunjo mmoja mkubwa wenye tumbo. Nilipoweka chepesi juu ya kizito, mgongoni palibaki uwazi kati ya nguo na nguo, kana kwamba panasubiri kujazwa kitu. Uwazi huo uwekeni akilini, nitaurudia.

Kumbe jambo la blanketi lina hesabu yake. Maurice Biot, mzaliwa wa Antwerp aliyefanya kazi Marekani, na Hans Ramberg wa Norway waliiandika kati ya miaka ya 1950 na 1960. Tabaka gumu lililozungukwa na jiwe laini likisukumwa, umbali kutoka mgongo mmoja hadi mwingine hufuata unene wa tabaka: unene mara 2, umbali mara 2. Ugumu nao unahesabiwa, lakini kwa ubahili. Ugumu wa tabaka kulinganisha na jiwe linalolizunguka ukiongezeka mara 8, umbali unaongezeka mara 2 tu. Hesabu hiyo haihitaji maabara. Inahitaji jiwe, na mtu wa kulipima.

Mwaka uliofuata niliwapeleka wanafunzi mahali wanapochimba mawe ya kujengea, karibu na barabara, ambako kina mama huketi chini ya turubai wakivunja kokoto. Mwamba ulikuwa umekatwa wazi, umeoshwa na mvua. Mshipa mweupe mnene kama kidole gumba ulikuwa umekunjika kila baada ya shubiri moja. Hatua chache pembeni, mshipa mnene kama kifundo cha mkono ulikunjika kwa umbali wa kiwiko hadi ncha za vidole. Watoto walipiga hesabu juu ya magoti na kupiga makelele: imekubali! Mama mmoja aliyekuwa na nyundo akauliza tumeona dhahabu wapi.

Mshipa wa tatu ulikataa. Mgongoni ulikuwa mnene, ubavuni umekondeka kama uzi uliovutwa. Kikwembe hakifanyi hivyo. Unene wa nguo ni ule ule kila mahali, ipinde utakavyo. Kwa hiyo mahali pale jiwe halikupinda kama nguo, lilitiririka kama fufu lisiloiva vizuri. Mwingereza John Ramsay, katika kitabu chake cha mwaka 1967, aliwafundisha wanajiolojia kufanya kazi hiyo hiyo: pima unene mgongoni, pima ubavuni, linganisha, ndipo useme mkunjo ni wa aina gani. Nakiri kwamba mishipa miwili iliyokubali nimeanza kuisahau. Wa tatu naukumbuka kila kona.

Wanaofanya kazi hii kwenye milima inayokunjwa hadi leo wamefika mbali, na kuna modeli moja ambayo naistahi kwa sababu imejiweka mahali pa kupigwa. Ni ya John Suppe, Mmarekani, ya mwaka 1983, na aliiegemeza sana kwenye milima ya Taiwan. Anasema hivi: chini ya milima kuna ufa unaolala, kisha unapanda kama ngazi, kisha unalala tena. Matabaka ya juu yakisukumwa, hupanda ngazi hiyo na kupinda. Ubavu wa nyuma utalala sambamba na ngazi. Ubavu wa mbele una pembe yake ambayo huwezi kuichagua: ngazi ikiwa ya digrii 20, ubavu wa mbele utakuwa na digrii 23, ngazi ya digrii 30, ubavu wa mbele digrii 60. Ngazi ikizidi 30, hesabu inakataa, haina jibu. Haya yote ni kwa sharti kwamba tabaka halinenepi wala halikondi na urefu wake haupotei.

Tazama uzuri wake. Mtu akikuta ngazi ya digrii 20 na ubavu wa mbele wa digrii 45, modeli imeanguka pale, bila ubishi wa profesa na profesa. Na imeanguka mahali pengi, maana mbavu nyingi za mbele ni kali kuliko inavyoruhusu, na matabaka yamenenepa na kukonda. Mwaka 1991 Eric Erslev, Mmarekani pia, akaleta modeli nyingine: kwenye ncha ya ufa, badala ya kona kali, kuna pembetatu ya mwamba inayosagika na kupinda polepole. Mikunjo iliyoikataa hesabu ya Suppe, mingine ikaikubali hii. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Ukitaka kujua sayansi inaendaje, ni hivyo.

Lakini kuna mtego, na hapa ndipo penye utamu. Modeli mbili zinaweza kufika kwenye umbo moja. Mkunjo uliokamilika haukuambii ulikuaje, kama bwana harusi aliyevaa suti asivyokuambia alianza kutembea akiwa na miezi mingapi. Dawa yake ni mchanga na tope vilivyowekwa na mito juu ya mkunjo wakati unakua. Kama ubavu ulikuwa ukiinuka kidogo kidogo, tabaka la zamani litakuwa limeinama zaidi, la juu yake kidogo, la juu kabisa karibu limelala, kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Kama ubavu ulizaliwa na mwinamo wake kamili na ukawa unapanuka tu, basi yote yaliyomo yatainama sawa, ila kipande kilichoinama kitakuwa kifupi kila ukipanda juu. Unakwenda na kipimapembe, unapima. Jiwe linatoa ushahidi.

Mtu atasema Taiwan ni mbali. Haya, twende Katanga, ambako binamu yangu alihamia kutafuta maisha, Kolwezi. Mkanda ule wa shaba ambao Jules Cornet aliutembelea mwaka 1892 ni mkanda wa mikunjo, ulikunjwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kinachowasumbua wataalamu ni kwamba matabaka yenye shaba na kobalti hayapo kama shuka moja iliyokunjwa. Yamekatika vipande, vingine vya mita chache, vingine vya kilomita, vimeelea ndani ya mwamba uliosagika, vingine vimepinduka miguu juu. Shinkolobwe, ilikotoka urani ya bomu la Hiroshima, ni kwenye matabaka hayo hayo.

Kwa nini? Ali Kampunzu na Jacques Cailteux, mwaka 1999, waliandika habari ya mkanda uliosukumwa kuelekea kaskazini, shuka juu ya shuka, na kuvunjika njiani. Marek Wendorff akasema sehemu ya ule mwamba uliosagika ni mporomoko: vipande vilidondoka kutoka mbele ya milima iliyokuwa ikija, vikaingia bahari ya wakati ule. Martin Jackson na wenzake, mwaka 2003, wakaleta habari ya chumvi: palikuwa na tabaka nene la chumvi chini, likapanda juu likibeba vipande vya shaba kama mto wa mafuriko unavyobeba mapaa ya nyumba, kisha chumvi ikayeyuka ikaacha takataka zake. Msomaji, angalia kila moja inavyojifunga kwa ahadi. Kama ni mporomoko, mwamba uliosagika lazima uwe umetandazwa kwa matabaka na ukae kwa utulivu juu ya ulioutangulia. Kama ni chumvi, lazima mahali fulani ukate na kupenya kwenda juu kupitia matabaka machanga kuliko wenyewe. Mjadala haujafungwa. Na si mchezo wa wasomi: anayejua kipande kilifikaje pale ndiye anayejua kinachofuata kiko wapi, na nchi inayotegemea shaba na kobalti haina haki ya kulala wakati wengine wanapima.

Sasa nirudi kwenye uwazi wa vikwembe. Bendigo, Australia, wachimbaji wa karne ya 19 waligundua kwamba kwarzi yenye dhahabu imekaa mgongoni mwa mikunjo, nene juu, ikishuka nyembamba ubavuni, kama tandiko la farasi. Uwazi ule ule, umejazwa. Wakajiuliza: kama mkunjo unaendelea kwenda chini, je, chini ya tandiko hili kuna jingine? Wakachimba kufuata mstari wa mgongo. Lilikuwepo, na jingine chini yake. Mchoro ulitabiri, shimo likajibu.

Wachimbaji wetu hufanya nusu ya kazi hiyo kila siku. Mtu anafuata filoni, yaani mshipa wa dhahabu, mita kumi, inapinda, inapotea, PDG aliyefadhili shimo anapiga kelele, kila mtu anataja upande wake. Mwenye uzoefu anaangalia mwinamo wa jiwe na kusema: chimbeni hapa. Huyo ametoa utabiri, na kesho saa sita itajulikana kama alikosea. Nimekaa na wachimbaji wa namna hiyo. Wengi hawakumaliza shule ya msingi, na kwa jambo hili wananishinda mimi mwenye diploma, maana utabiri wao unagharimu. Pungufu lao ni moja, hawaandiki. Shimo likifunikwa na mvua, elimu yote inazikwa nalo. Sisi tunaoandika hatupimi, wao wanaopima hawaandiki.

Ninachodai ni kidogo. Kila shule ya sekondari kutoka Mabalako hadi Beni na Butembo ichague jiwe moja lililo wazi. Wanafunzi waende na kipimapembe cha plastiki kutoka sanduku la hesabu, uzi, na nati ya pikipiki ya kuning'iniza; hicho tayari ni kifaa cha kupima mwinamo. Wapewe mchoro wa kitabuni na swali moja: mchoro huu unasema uongo wapi? Atakayeonyesha ulipokosea apewe alama zaidi ya atakayeukariri. Daftari za vipimo zitunzwe shuleni, darasa la mwaka ujao liendelee hapo. Na Exetat siku moja iulize mtoto atapima nini ili ajue, badala ya kumwuliza tu milima ya mikunjo ni ipi.

Najua nitakavyojibiwa. Mwalimu analipwa mshahara mdogo na wa kuchelewa, na wewe unamtuma kwenye mawe? Tena wapi, Beni hii? Sihitaji kukumbushwa. Tangu Oktoba 2014 tumezika watu wetu hata tumechoka kuhesabu, na tangu Mei 2021 jimbo letu limewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mimi mwenyewe simpeleki mtoto wa mtu Semliki, na kule kijitoni jiwe lilikotoka hatuendi tena. Ndiyo maana miaka hii tunapima kuta. Msingi wa nyumba, ngazi za kanisa, ukingo wa mfereji, mawe yamekaa hapo yakitutazama. Hayawezi kukuambia yalielekea kaskazini au kusini yalipokuwa ardhini, hilo limepotea milele. Lakini unene wa mgongo na wa ubavu bado yanao.

Yule mtoto wa jiwe amekuwa mtu mzima, anaendesha taksi-moto. Tulikutana mwaka jana nikamwambia jibu lake, nikiwa nimechelewa sana. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Ruwenzori inaendelea kupanda hata leo. Nikasema ndiyo. Akasema basi hata kwenye mchoro wako mpya weka mshale.

Ule mwamba wa machimboni tulioupima haupo. Ulivunjwa wote, na mshipa wa tatu umo ndani ya msingi wa nyumba ya mtu. Siwalaumu kina mama wa kokoto; wanalisha watoto. Nawaomba wao, na wewe unayesoma: ukikutana na jiwe lenye mistari iliyokunjika, kabla nyundo haijashuka, weka kalamu kando yake ipate kuonekana ukubwa, piga picha kwa simu, andika mahali na mwinamo, kisha mpelekee mwalimu yeyote aliye karibu. Akikuambia ni mlima wa mikunjo tu, mwulize mlima wenyewe uko wapi.